Unga wa Siku Nne

Wema alipojaribu kushuka kitandani asubuhi ile, miguu ilimkatalia. Mama yake, Stamili, alikuwa uani akichochea moto. Alisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya mtoto ikisema bila kilio, "Mama, miguu haisikii."

Aliingia mbio akamkuta sakafuni, ameng'ang'ania tendegu. Alimwinua kwa makwapa. Miguu ya binti ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, visigino vimegoma kugusa chini. Alisimama kwa ncha za vidole akitetemeka mwili mzima, halafu akaporomoka tena mikononi mwa mama yake. Hakuwa na homa. Hakuwa na jeraha. Jana yake tu alikwenda na kurudi kisimani mara mbili, ndoo kichwani. Alikuwa na miaka tisa.

Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Kelvin, mtoto wa Veridiana, jirani wa nyumba ya tatu. Alianguka njiani akitoka shule, na wenzake walidhani anawatania.

Watoto wawili, njia moja, juma moja. Katika kitongoji kile cha kata ya Mnyambe, ambako mihogo na mikorosho ndiyo maisha ya kila mtu, jambo hilo halikuhitaji mjadala mrefu. Mwezi mmoja nyuma, Bibi Shakila, mjane aliyeishi peke yake ukingoni mwa kitongoji, aliwafuma watoto hao hao wakimwibia mapapai. Alishindwa kuwakimbiza. Alisimama mlangoni akapiga kelele zilizosikika hadi barabarani: "Miguu hiyo! Itafika siku mtaitafuta msiione!" Watu walicheka siku ile. Sasa walikumbuka kila neno, na waliokuwa hawapo nao walikumbuka.

Stamili hakukumbuka mapapai. Alikumbuka kinu.

Mvua ya mwaka ule ilikatika Februari, mahindi yakafa yangali na urefu wa goti, mbaazi zikakauka zikiwa maua. Ilipofika Septemba hakukuwa na kitu shambani ila mihogo michungu, ile inayovumilia jua. Kila mwanamke wa huko anajua kazi yake: unaimenya, unaipasua, unaianika juu ya paa majuma mawili, matatu, mpaka makopa yawe meupe na makavu, ndipo unaponda. Lakini njaa haikumpa Stamili majuma matatu. Alianika siku nne. Aliponda makopa yakiwa bado na unyevu kati, akapika ugali, wakala na kisamvu, kesho wakala tena, na mwezi ukapita hivyo, bila samaki, bila mbaazi, bila hata dagaa wa kuonja. Ugali ulikuwa na uchungu nyuma ya ulimi. Walikuwa wakiumwa kichwa baada ya kula, wakapepesuka kidogo, wakalala. Waliona ni njaa tu.

Na yeye ndiye aliyemwambia Veridiana, siku alipomkuta amekaa akitazama makopa juu ya paa huku watoto wanalia: "Mbona unasubiri, Mama Kelvin? Ponda tu. Mimi naponda kwa siku nne, na tumekula wote, hakuna aliyekufa."

Walimpeleka Wema hospitali ya wilaya, Newala, kwa bodaboda, mtoto amebanwa kati ya dereva na mama yake, miguu imefungwa khanga isining'inie. Tabibu aliyewapokea aliitwa Julia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alimgonga Wema magotini kwa kinyundo, miguu ikarusha teke lenyewe. Akamwambia atembee, akamwona anavyokanyagia vidole. Hakuuliza juu ya homa. Aliuliza, "Mnakula nini nyumbani?"

Stamili alieleza. Alipofika kwenye siku nne, sauti ilimpungua.

Julia aliweka kalamu chini. "Mama Wema, mihogo michungu ina sumu. Mwaka wa ukame sumu inazidi. Ikikaushwa polepole inatoka, ikiharakishwa inabaki kwenye unga. Mtu akila kila siku, na hana samaki wala mbaazi za kuusaidia mwili kuitoa, siku moja miguu inakataa. Inakuja kwa ghafla, kama hivi."

"Itapona?"

"Haitazidi kuharibika, mradi asile tena unga wa namna hiyo. Tutamfundisha kutembea na fimbo. Kupona kabisa, sitakudanganya."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ulikuwa na njaa, mama. Ungefanya nini?"

"Njaa haikuponda," Stamili alisema. "Iliyoponda ni mikono hii."

Julia aliandika kitu kwenye kadi, akampa, akamshika bega kidogo, akaita mgonjwa mwingine.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kitongoji hawakulijua juu ya Stamili, na bila hilo mtu hawezi kuelewa alichokifanya baadaye. Alikuwa haamini kwamba Mungu yupo. Alikuwa mtoto wa Mzee Bwanali, mwadhini wa msikiti, aliyelelewa kwa adhana na uji wa futari. Alisoma sekondari Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, akapenda baiolojia kuliko masomo yote, lakini si shule iliyomtoa katika imani. Ni kifo cha mama yake. Alikuwa miongoni mwa wanawake walioosha maiti, na alipokuwa akimwagia maji mkono ule aliokuwa ameushika utoto wake wote, alingoja kuhisi kwamba kuna mtu ameondoka akaenda mahali. Hakuhisi hivyo. Alihisi kitu kimesimama, kama mashine ya kusaga iliyozimwa. Toka siku hiyo alifunga Ramadhani na wenzake, akasali kwenye safu na wenzake, na ndani yake palikuwa kimya. Alimwambia mtu mmoja tu, mumewe Abdulrazaki, mwaka wa kwanza wa ndoa. Abdulrazaki alicheka, kisha akaona mkewe hacheki. Akamwomba neno lile lisitoke tena kinywani mwake, na halikutoka.

Njiani kurudi kutoka Newala, huku vumbi jekundu likimwingia machoni, Stamili alikuwa akihesabu kitu kwa kitu. Mvua ilikatika kwa sababu ya upepo uliotoka mbali, na upepo hauna nia. Mhogo ulijaza sumu kwa sababu ya jua, na mhogo haujui mtoto ni nini. Njaa iliingia tumboni kwa sababu ndivyo tumbo linavyofanya kazi. Kila kitu kilisukumwa na kingine, kikasukuma kingine, mpaka kufika kwenye mikono yake juu ya mchi. Basi na mikono yake ilisukumwa? Kama ilisukumwa, hana kosa. Lakini kama ilisukumwa, hata yeye si mtu, ni mchi tu, unaoinuliwa na kushushwa. Wazo hilo lilimfariji kwa muda wa kilima kimoja. Kisha likamtisha kuliko hatia yenyewe.

Alipofika nyumbani alikuta mambo yameshaamuliwa.

"Alhamisi lambalamba wanakuja," Abdulrazaki alimwambia kabla hajamshusha mtoto. Lambalamba ni waganga wanaozunguka vijijini kutoa uchawi. Wakiingia kitongoji, mtuhumiwa hunywa dawa yao hadharani, hunyolewa kichwa, nyumba yake hufukuliwa. Hayo hutokea bahati ikiwa njema. Isipokuwa njema, kuna paa linashika moto na hakuna anayejua nani aliwasha. "Mzee Shamte ameshakubali." Shamte alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. "Wanataka mama mwenye mtoto aseme mwenyewe anayemshuku. Wewe na Mama Kelvin."

Stamili alimlaza Wema, akatoka uani, akamweleza mumewe yote aliyoambiwa na Julia. Abdulrazaki alisikiliza akiwa amechuchumaa, akichora chini kwa kijiti. Alikuwa mwanaume mpole, asiyejua kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Ilikuwa imeandikwa, Mama Wema."

"Na nani?"

Alimtupia jicho la haraka, akatazama kama kuna mtu karibu. "Usianze. Nakuomba sana, usianze. Hebu fikiri. Tukisema ni uchawi, watu watatuonea huruma. Watatulimia, watamchukua mtoto kama mtoto wao. Tukisema ni unga, watasema mke wa Abdulrazaki amemlemaza mwanawe, tena akamlemaza na wa jirani. Mama yangu atasema nini? Unadhani mimi nitaweza kukaa katika nyumba hii?"

"Na Bibi Shakila?"

"Bibi Shakila ameshakula chumvi nyingi."

Alisema hivyo, kisha akasikia alichokisema, akainamisha kichwa. Kijiti kilivunjika mkononi mwake.

Jumatano mchana Stamili alikwenda ukingoni mwa kitongoji. Alimkuta mwanamke yule mzee ameketi mkekani, amejifunga khanga mpya kama mtu anayesubiri safari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunisema au kuniaga?"

Stamili aliketi. Hakujua aanzie wapi, na Bibi Shakila hakumngoja. "Nilitamka, mwanangu," alisema. "Siwezi kukataa. Nilitamka miguu, na miguu imekwenda. Usiku nimekuwa nikijifunga mguu kwa kamba kwenye kitanda, nione kama nitaamka imefunguka. Labda kuna kitu kinanitoka nikilala. Labda mimi sijijui." Alifunua khanga kidogo akamwonyesha kifundo cha mguu. Ngozi ilikuwa imechubuka pande zote.

Stamili aliitazama ile michubuko. Alikuwa amekuja na nusu ya wazo kwamba angenyamaza, kwamba Alhamisi angesema tu "simjui aliyefanya," na mambo yangejiendea yenyewe. Sasa aliona kuwa kunyamaza kwake nako kungekuwa tendo la mikono yake, sawasawa na kuponda.

"Si wewe, bibi," alisema.

"Wewe unajuaje?"

"Najua."

Alhamisi watu walikusanyika mbele ya ghala la korosho tangu saa tatu. Lambalamba walikuwa watano, na kiongozi wao, Mujibu, alikuwa kijana mnene aliyevaa miwani ya jua na kanzu iliyokatwa mikono. Walishawanywesha dawa wazee watatu na kuwanyoa, na vichwa vyao vyeupe vilikuwa vinang'aa juani. Bibi Shakila alikalishwa chini peke yake, katikati. Vijana wawili walisimama nyuma yake na hawakuwa na sababu nyingine ya kusimama pale. Mmoja alikuwa na kidumu. Huenda kilikuwa cha maji.

"Mama wa mtoto wa kwanza," Mujibu aliita.

Stamili alitoka mbele. Hatua zilikuwa kama kumi na tano tu. Alimwona Abdulrazaki upande wa wanaume, uso umemkauka. Alimwona Veridiana ameshika rozari, macho yamevimba. Alisubiri, kama alivyosubiri siku ya kumwosha mama yake, kwamba labda kitu kitamsukuma: hofu imsukume kushoto, huruma imsukume kulia, apate kusema baadaye kuwa alisukumwa. Hofu ilikuwapo. Huruma nayo ilikuwapo. Lakini vyote viwili vilifika mpaka mahali fulani vikasimama, na pale palipobaki hapakuwa na mtu mwingine ila yeye. Juu hapakuwa na kitu. Palikuwa na jua tu.

"Sema, mama. Unamshuku nani?"

"Mwanangu hakulogwa," Stamili alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Hakulogwa. Nilimlisha unga mbichi. Mihogo michungu, ya kuanika siku nne. Ina sumu. Tabibu ameniambia, lakini hata bila tabibu, ulimi wangu ulinambia kila siku na nikaunyamazisha. Mama huyu hana lolote. Mwacheni aende kwake."

Palitokea mngurumo. Mtu alisema amerukwa na akili. Mwingine alisema Shakila amemfunga ulimi. Mujibu alicheka, akainua mkono watu wanyamaze.

"Mnaona jinsi bibi huyu anavyomtumia? Haya. Leteni Msahafu." Aligeuka kwa Stamili. "Apa. Weka mkono, uape kwa Mungu kwamba ni unga. Ukiapa, tumekwisha."

Msahafu ulikuja, umefungwa kitambaa cha kijani. Stamili aliutazama. Ingekuwa rahisi kupita kiasi. Mkono mmoja juu ya kitabu, maneno manne, na kila mtu angekwenda nyumbani. Kwake yeye kisingekuwa kiapo, ila ni kama kugusa kitambaa. Alimfikiria baba yake, Mzee Bwanali, asiyekishika kitabu hicho bila kutawadha. Alifikiria pia kwamba akiapa, lisemwalo halitakuwa lake tena. Watasema Mungu ametoa shahidi, na kesho lambalamba mwingine atakuja na shahidi wake wa kumpinga.

"Sitaapa," alisema.

Sasa kelele zilikuwa za kweli. Abdulrazaki alifumba macho.

"Sitaapa kwa mtu yeyote," alisema kwa nguvu, mpaka mishipa ikamtoka shingoni. "Ninayesema ni mimi. Mimi ndiye niliyeponda, hakuna aliyenishika mkono. Kama mnataka kumnyoa mtu, nyoeni mimi!"

Mujibu alifungua kinywa, na watu wote walikuwa upande wake, hilo Stamili alilijua mpaka kufa kwake. Kilichogeuza mambo hakikuwa maneno. Veridiana alitoka katika safu ya wanawake, taratibu, rozari bado mkononi, akamjia mpaka usoni.

"Siku nne," Veridiana alisema. "Uliniambia siku nne."

"Nilikwambia."

"Uliniambia niponde! Nilikuwa nangoja, makopa yangu yako juu ya paa, ukaja ukaniambia mbona unasubiri! Umekula wewe, hakuna aliyekufa!"

"Nilikwambia hivyo, Mama Kelvin."

Kofi lilisikika mpaka nyuma ya umati. La pili lilimtoa Stamili damu mdomoni. Hakuinua mkono kujikinga. Ilibidi wanawake wanne wamshike Veridiana, naye alikuwa akilia kwa sauti ambayo hakuna aliyependa kuisikia, "Mwanangu! Mwanangu nimemlisha mimi! Kwa mikono yangu!" Na watu waliposikia hivyo, mmoja mmoja, walianza kutazama chini. Kina mama wengine walianza kunong'ona: na mimi wa kwangu nilianika siku tano. Na mimi sita. Na kichwa kinamuuma mwanangu tangu juzi. Hofu iliyokuwa imekaa mahali pamoja, juu ya kichwa cha mwanamke mmoja mzee, ilitawanyika, ikaingia katika kila jiko.

Mzee Shamte alisema mkutano umefungwa. Mujibu alibishana naye kidogo. Kabla ya alasiri yeye na wenzake walikuwa wameshapanda pikipiki zao kwenda kitongoji kingine walikoitwa, na huko, ilisikika baadaye, mzee mmoja alifukuzwa na nyumba yake ikabomolewa.

Haikuwa kwamba watu walimshukuru. Mama mkwe wake alisema yale aliyotarajiwa kusema, na mengine. Abdulrazaki alikwenda Masasi kwa ndugu yake Twahiru, akasema anatafuta kibarua, akakaa miezi miwili. Wazee wa msikiti walimwita Stamili wakamuuliza kwa nini alikataa kuapa. Aliwajibu kwamba hakutaka kumwingiza Mungu katika unga. Walitazamana, wakaamua kuridhika na jibu hilo, ingawa si wote. Hata Bibi Shakila hakumshukuru. Alimwambia, "Ulinipa usingizi, lakini umenikosesha jirani," kwa kuwa Veridiana, aliyekuwa akimchotea maji, hakuja tena kwa aibu. Basi Stamili akawa anamchotea yeye.

Julia alifika mwezi uliofuata na beseni la plastiki. Aliwakusanya wanawake, akawaonyesha: weka unga kwenye beseni, tia alama penye usawa wa unga, changanya na maji, unga utashuka kwanza, endelea kuongeza maji hadi uvimbe na kurudi kwenye alama, tandaza tabaka jembamba mkekani, saa mbili juani au tano kivulini. Sumu inaondoka na hewa. Halafu songa ugali siku hiyo hiyo. Alipoondoka, Stamili ndiye aliyebaki akizunguka nyumba kwa nyumba, kwa sababu mtu lazima arudi kutazama. Wengine walimfungulia. Wengine walimwachia mlango nusu, wakasikiliza bila kumkaribisha kigoda. Alikwenda hadi kijiji cha Chiungutwa alikosikia kuna mtoto mwingine. Hakuna aliyemtuma, na hakutegemea thawabu. Alipoulizwa kwa nini anajichosha, alisema, "Kwa sababu najua."

Abdulrazaki alirudi siku ya soko, akiwa na begi na fimbo mbili alizochonga mwenyewe, fupi, za kimo cha Wema. Alizipima kwapani mwa mtoto, akakata kidogo, akapima tena.

Jioni moja Wema alimuuliza mama yake, "Ni Mungu alitaka niwe hivi?"

Abdulrazaki alikuwa anakula. Aliacha tonge mkononi.

"Baba yako anaweza kukujibu hilo," Stamili alisema. "Mimi ninachojua ni kwamba mimi sikutaka. Lakini nilifanya. Unaweza kunikasirikia."

Wema alifikiri. "Nakukasirikia asubuhi," alisema. "Wakati wenzangu wanakimbia."

"Sawa."

"Mchana naachaga."

Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu mizima. Kwa Wema na Kelvin ilikuwa saa nzima na zaidi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekwenda kwa mwendo wao, walianza kwenda pamoja, fimbo nne barabarani, wakibishana njia nzima. Mama zao hawakusemezana. Veridiana alimsindikiza wake hadi kwenye njia panda na kurudi, Stamili alimsindikiza wake hadi pale pale na kurudi, na kila mmoja alitazama upande wake.

Ilikuwa karibu na Pasaka, mwaka uliofuata, mvua imenyesha vizuri. Wema aliamka na mafua, wakachelewa. Stamili alikuwa bado anamfunga viatu aliposikia mtu anapiga hodi uani. Veridiana alisimama mbali na mlango, miguu imeloa umande.

"Kelvin anamsubiri pale njiani," alisema. "Anakataa kwenda peke yake."

"Anakuja sasa hivi."

Veridiana hakuondoka. Alisimama akitazama mkeka wa unga uliotandazwa kivulini, muda mrefu, mpaka Wema akatoka na fimbo zake akampita.